Makasha ya kuachiwa: niliyoyajua baada ya kupokea umiliki wa mtu mwingine

Mwenzangu mmoja katika jiokashingi, mchezo wa kutafuta vyombo vilivyofichwa, alipata kazi mbali, akaniomba niyachukue makasha yake. Hakutaka nimwangalizie kwa muda tu. Alitaka yawe yangu kabisa, jina langu liandikwe kwenye kurasa zake za mtandaoni na lake lifutwe. Nilikubali bila kuuliza mengi. Nilikuwa mtafutaji wa siku nyingi, na kwa mtafutaji kasha ni shughuli ya dakika chache: unaliona, unasaini, unalirudisha lilipokuwa, unakwenda zako. Yanayotokea baada ya hapo si shida yake. Kwa mwenye kasha, hapo ndipo kazi inapoanza, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wengi hawaisimulii.

Kwa wageni wa mchezo huu: mtu huficha chombo chenye kijidaftari mahali panapofikika, hutangaza mtandaoni koordineti zake, yaani namba zinazoonyesha mahali kilipo, na wengine hukitafuta kwa GPS au simu. Ulianza Mei 2000. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa ikiivuruga makusudi ishara ya GPS inayopokelewa na raia. Tarehe 2 Mei uvurugaji huo ukazimwa, na siku iliyofuata Dave Ulmer akaacha ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akawatangazia watu mahali ilipo. Ndani kulikuwa na vitabu, programu ya kompyuta, manati na hata kopo la maharagwe. Sharti lilikuwa jepesi: ukichukua kitu, acha kitu, kisha andika kwenye daftari. (Kopo lile leo lisingepita. Chakula kimekatazwa, kwa sababu mnyama mwenye njaa hakawii kutafuna chombo kizima akifuata harufu.) Tovuti ya Geocaching.com ilifunguliwa Septemba mwaka huohuo, na kanuni nyingi nitakazozitaja ni zake. Kuna tovuti nyingine pia zenye taratibu zao, kwa hiyo soma za ile unayoitumia.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba umiliki hauhami kwa kupeana mikono. Mwenye kasha mwenyewe ndiye anayetuma ombi la kulihamisha kupitia akaunti yake, na anayepokea ndiye anayelikubali. Mtu akishapotea, hata ukionyesha kwamba umelitunza kasha lake miaka mitatu, tovuti haitakupa bila ridhaa yake. Kwa hiyo ukihisi hamu ya mchezo inakuisha, gawa makasha yako mapema, kabla hujasahau hata nywila.

La pili ni kwamba kinachohamishwa ni ukurasa tu. Maneno uliyopatana na mwenye ardhi hayahami. Picha za mahali halisi pa maficho, jibu la fumbo la kasha lenye fumbo, jina la aliyekupa ruhusa na lini alikupa, vyote hivyo havimo kwenye ukurasa. Mwenzangu alikuwa na kila kitu kichwani, na kichwa chake kilikuwa kimeshahama pamoja na mizigo. Nilikuwa nikimpigia simu nikiwa nimesimama kichakani, naye anaanza, "Ukifika kwenye ule mti uliopinda..." na mbele yangu kuna miti iliyopinda ya kutosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, nami nikafungua daftari siku hiyohiyo.

Kabla ya kwenda kukagua, soma ukurasa wa kasha kuanzia chini kwenda juu. Nilikaa usiku mmoja nikisoma maandishi ya watafutaji wa kasha moja, na hadithi yote ilikuwa pale. Mmoja aliandika kwamba karatasi ina unyevu kidogo. Wa baadaye akasema amesaini kwa shida. Kisha wakaja wawili waliosema wameongeza karatasi yao. Kisha mmoja akaandika "limelowa chapachapa, lakini asante kwa matembezi". Hakuna hata mmoja aliyebonyeza sehemu ya kumwita mwenye kasha. Watu huona haya, wanadhani kuomba matengenezo ni kumshtaki mtu. Si kushtaki. Ni njia ya kuhakikisha kwamba ujumbe hauzami kati ya salamu na shukrani.

Nilipolifungua kasha lenyewe nikaelewa kwa nini waliandika hivyo. Lilikuwa bakuli la plastiki la kuhifadhia chakula, lenye klipu nne pembeni. Klipu moja ilikuwa imekatika na ule mpira wa kwenye mfuniko umetoka kwenye mfereji wake. Ndani maji yalifika kina cha kidole. Daftari la asili limegeuka uji, wino wa kalamu umetawanyika ukawa wingu la bluu. Juu yake kuna kifuko cha plastiki chenye karatasi, ndani ya kifuko nako maji. Juu ya hicho kingine. Kila msamaria mwema alikuwa ameongeza tabaka lake, na kila tabaka lilikuwa linaufungia unyevu wa lile la chini. Mwanasesere mdogo wa plastiki alikuwa ameota ukungu usoni, na sarafu moja imeganda kwa kutu kwenye mfuniko. Harufu yake siisimulii.

Hapo nilitumia fedha mara mbili. Kwanza nilinunua vyombo vya bei nafuu kwa wingi, vikapita msimu mmoja tu wa mvua. Kisha nikanunua vichache vilivyo imara. Kwa ukubwa wa kati hakuna kinacholishinda lile sanduku la chuma la kubebea risasi la jeshi, lenye mpira mzito kwenye mfuniko, mradi uzifute alama zote za kijeshi kwa rangi na uandike kwa nje ni kitu gani. Plastiki nzuri yenye klipu inafaa pia, lakini ijaribu kwanza: weka karatasi kavu ndani, izamishe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi uifungue. Vikopo vya filamu za kamera, vinavyopendwa na watu wengi kwa udogo wake, huvuja karibu vyote. Weka penseli badala ya kalamu, maana risasi ya penseli haiyeyuki. Karatasi isiyopenya maji ni ghali kidogo, lakini utaibadilisha mara chache. Na ukiwa mtafutaji, funga chombo kama mtu anayejua kwamba usiku mvua itanyesha: futa ukingo wa mfuniko, hakikisha hakuna kona ya kifuko iliyobanwa katikati. Kona hiyo moja inatosha kuingiza maji.

Kasha jingine lilinipa kizungumkuti cha namna tofauti. Nilifika nikakuta vyombo viwili. Kimoja ndicho alichonielezea mwenzangu, kimejibana nyuma ya jiwe. Kingine, kikopo kidogo, kilikuwa hatua chache pembeni, na daftari lake lilikuwa na majina mengi kuliko la kasha halisi. Mtu fulani alitafuta akakosa, akaamua kwamba kasha limeibwa, akaweka la kwake ili aandike kwamba amelipata. Wenyewe hudhani wanafanya hisani. Matokeo yake ni kwamba baada ya hapo kila mtafutaji aliona kile kilicho rahisi akaondoka, na mwenye kasha hakujua chochote kwa sababu ukurasa ulionyesha mafanikio matupu. Ukikosa, andika kwamba hukulipata. Hakuna aibu ndani yake. Kwangu mimi mwenye kasha, maandishi matatu mfululizo ya "sikulipata" kwenye kasha la ugumu wa nyota moja na nusu, yaani rahisi, yana thamani kuliko maandishi kumi ya "asante kwa kasha", kwa sababu yananiambia nivae viatu nikaangalie. Ukitaka kusaidia kubadilisha chombo, mwandikie kwanza mwenyewe, akikubali ndipo uweke.

Walioandika majina kwenye kile kikopo sikuwafutia. Hawakuwa na kosa. Nilikiondoa, nikaandika kwenye ukurasa kilichotokea, basi.

Kufuta ni habari nyingine, na ndiko nilikokosa usingizi. Kanuni inasema kasha lenye chombo huhesabiwa kuwa limepatikana pale mtafutaji anapokuwa ameandika jina lake kwenye daftari lililo ndani, na mwenye kasha ana wajibu wa kuondoa maandishi ya uongo mtandaoni. Nilipolinganisha daftari na ukurasa, baadhi ya majina hayakulingana. Mmoja nilimwandikia ujumbe wa faragha nikamuuliza kwa upole. Akajibu kwamba penseli ilikuwa imevunjika, akaniletea picha aliyopiga akiwa amelishika kasha mkononi. Nikamwacha, na nikapeleka penseli na kichongeo. Mwingine aliandika kwamba amelipata langu siku hiyohiyo aliyodai kupata makasha kwenye mabara mengine mawili. Huyo sikubishana naye. Wapo wenye makasha wanaofuta kwanza na kuuliza baadaye, tena mbele za watu. Kikanuni wanaweza kuwa sahihi, lakini nimeona ugomvi wa namna hiyo ukiwatoa watu kwenye mchezo kabisa.

Sasa nije kwenye ruhusa, ambako ndiko mambo yalikuwa mazito.

Kasha moja lilikuwa kwenye uzio wa mimea, pembezoni mwa shamba la mtu. Mwenzangu alikuwa ameomba ruhusa kwa mdomo, naye alipewa kwa mdomo, na mtu aliyempa alikuwa ameshauza eneo. Nilipokuwa nimeinama pale nikibadilisha daftari, nikasikia hatua nyuma yangu. Mzee mmoja, mwangalizi wa shamba, alisimama akanitazama kwa muda.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Samahani, mzee wangu. Mimi nani?"

"Unayewaleta."

Hakufoka. Alinichukua akanitembeza. Alinionyesha pengo kwenye uzio, upana wa mtu, lililozuka kwa watu kupita wakikata njia. Alinionyesha mawe ya ukuta wa zamani yaliyotolewa mahali pake, mengine yamelala majanini, na chini yake udongo mkavu ambako zamani palikuwa na unyevu na wadudu. Alikuwa amewauliza baadhi ya watu wanatafuta nini, wakamwambia wamepoteza funguo. "Funguo za watu wangapi zitapotea hapa, mwanangu?" Nikakosa la kusema.

Lile la funguo liliniuma kuliko pengo. Tumezoea kuficha mchezo mbele ya watu wasioucheza, na ni kweli kwamba hutakiwi kulitoa kasha huku mpita njia anakutazama, maana kesho hutalikuta. Lakini kumficha mpita njia ni jambo moja, na kumdanganya mwenye ardhi, mlinzi au askari anayekuuliza ni jambo lingine kabisa. Akikuuliza, mwambie ukweli, mwonyeshe ukurasa kwenye simu. Mzee yule nilimweleza kila kitu, nikamfungulia kasha akaona, akacheka alipomwona chura wa plastiki ndani yake. Hata hivyo alitaka liondoke pale, na haki yake nikaiheshimu. Nililisimamisha kwenye ukurasa jioni hiyohiyo, nikaenda kurudisha mawe na kushika kazi ya kuziba pengo pamoja naye. Baadaye yeye mwenyewe akapendekeza nguzo iliyo nje ya uzio, kando ya njia ya wapita kwa miguu. Safari hii niliandika jina lake, tarehe, na maneno aliyokubali, nikamjulisha na mmiliki mpya.

Kusogeza nako kuna kanuni zake. Umbali mdogo, usiozidi mita 161, unaweza kuubadilisha mwenyewe kwenye ukurasa. Zaidi ya hapo unamwandikia mkaguzi, ambaye ni mchezaji wa kujitolea anayeyapitisha makasha kwa niaba ya tovuti. Na mita hizohizo 161 ndizo zinazotakiwa kuwa kati ya chombo chako na chombo cha mwingine. Wakaguzi hulaumiwa sana kwa kukataa, ilhali wanachokiona wao ni ramani yenye vituo vya siri vya makasha ya hatua nyingi (yale ambayo kituo kimoja hukuelekeza kwenye kingine) ambavyo wewe huvioni. Ukimjibu mkaguzi kwa adabu na picha mbili za mahali, mambo huenda haraka.

Kuna mahali ambapo hata ruhusa ya mdomo isikushawishi: karibu na shule, reli, mabwawa, viwanja vya ndege, maeneo ya jeshi. Chombo kilichofungwa, kimefichwa chini ya kitu, na mtu mzima anainama akikichezea huku akiangalia kulia na kushoto: nani asingepiga simu polisi? Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, kikosi cha kutegua mabomu kiliitwa na kulipua kasha la mchezo huu katikati ya mji. Tangu nilipojua hilo, kila kasha langu lina maandishi makubwa kwa nje yanayosema ni mchezo, lina jina langu la mchezo na jina la ukurasa, na palipo na watu wengi natumia chombo kinachoonyesha ndani. Kuchimba shimo bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi kumekatazwa, kupigilia msumari kwenye mti hai kumekatazwa pia, na ukimwona mtu ametoboa nguzo ya watu ili aweke kikopo chake, usimsifu kwa ubunifu.

Koordineti nilizozirithi nazo zilihitaji kazi. Zilipimwa kwa simu ya zamani, chini ya miti, mara moja. Zinaandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu, na tarakimu ile ya mwisho kwa kaskazini na kusini ni kama mita 1.8, kwa hiyo kukosea tarakimu ya kati kunampeleka mtu mita nyingi pembeni. Nilizipima upya: niliacha kifaa kitulie, nikaondoka, nikarudi kutoka upande mwingine, siku nyingine tena, nikachukua wastani. Si udadisi wa bure. Koordineti mbovu ndizo zinazowafanya watu wafumue eneo zima. Ile njia waliyoikanyaga kwenye uzio wa mzee ilikuwa upande ambao kasha halikuwapo kabisa.

Nyota za ugumu nazo zisomwe kwa makini. Za aina mbili: ugumu wa kutafuta na ugumu wa njia, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Nyota moja ya njia maana yake mtu wa kiti cha magurudumu anafika na kulifikia. Moja ya makasha niliyoachiwa lilikuwa na nyota hiyo, na mbele yake ngazi tatu. Aliyeniandikia kunijulisha alikuwa ameshafika hadi kwenye ngazi hizo, akageuza kiti chake. Aliandika kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao.

Vitu vinavyosafiri, vile vyenye namba ya kufuatilia, nivitaje kwa ufupi: si zawadi. Ukikichukua, kiandikishe, kisha kiweke kwenye kasha jingine, ukiweza kwa kufuata lengo aliloandika mwenyewe. Nilikuta ukurasa mmoja unaonyesha vitu kadhaa vimo ndani, wakati ndani hapakuwa na hata kimoja. Nikavitoa kwenye orodha ili watu wasifunge safari kwa ajili yake. Na ukibadilishana vitu vya kawaida, acha chenye thamani sawa au zaidi, la sivyo saini tu.

Mwisho wa ukaguzi nilikaa na ramani. Baadhi ya makasha yalikuwa mbali kiasi kwamba nisingeweza kufika ndani ya wiki chache iwapo mtu angeniita. Kanuni haikubali kuficha kasha safarini na kuliacha bila mtu wa kulitunza, na sioni tofauti kati ya hilo na kurithi kasha usilolifikia. Mkaguzi akiona umekaa kimya hulisimamisha, hukupa muda, kwa kawaida kama mwezi, na baada ya hapo hulifunga; likifungwa kwa kukosa matunzo halifunguliwi tena. Kuliko kungoja hayo nikayafunga mwenyewe. Watu kadhaa walinilalamikia, hasa waliolipenda moja lililokuwa la tangu miaka ya mwanzo ya mchezo. Nikawaambia nipo tayari kumhamishia yeyote anayeishi karibu nalo. Mmoja akajitokeza, nikamtumia picha za maficho, vipimo vyangu vya koordineti, jina na maneno ya aliyetoa ruhusa, aina ya chombo, na tarehe daftari lilipobadilishwa mara ya mwisho.

Yale ambayo hayakupata mtu niliyafuata moja moja nikayaondoa. Kufunga ukurasa bila kuondoa chombo ni kutupa takataka, tena takataka yenye jina lako juu yake. Moja sikulikuta: nilitafuta hadi giza likaingia, nikarudi tena na mwenzangu akiwa kwenye simu ya video akinielekeza, wapi. Kwenye ukurasa nimeandika hivyohivyo, kwamba limefungwa na chombo hakijaonekana, ili atakayekiokota ajue ni kitu gani na aniandikie.